Vitabu Viliungua, Nakala Zikabaki: Mwongozo wa Kufuatilia Ukoo wa Kipolandi

Kuna jibu ambalo wengi wanaofuatilia ukoo wa Kipolandi hulipata mapema: kitabu cha mwaka unaoutaka hakipo, kiliungua vitani. Mara nyingi ni kweli. Tarehe 2 Septemba 1944, maasi ya Warszawa yakiwa bado yanaendelea, Wajerumani walilitia moto jengo la Archiwum Główne Akt Dawnych, hifadhi kuu ya nyaraka za kale. Tarehe 3 Novemba, maasi yameshazimwa na wakazi wameshafukuzwa mjini, ikafuata Archiwum Akt Nowych, iliyotunza majalada ya serikali ya Poland huru. Mapigano mtaani yalikuwa yamekwisha. Waliokuja walikuja kuchoma tu.

Hata hivyo usifunge daftari. Mtu mmoja haandikwi mahali pamoja. Paroko alimwandika alipobatizwa na nakala ikapelekwa mahakamani. Jeshi lilimwandika alipofikisha umri, karani wa meli alipoondoka, na hata waliomkamata nao walimwandika. Kwa hiyo kitabu kilichokwisha kuwa majivu kiache. Jiulize ni nani mwingine aliyeshika kalamu, na karatasi yake ilikwenda kukaa wapi.

Mwongozo huu ni wa mwenye damu ya Kipolandi, wa aliyeoa au kuolewa huko, na wa anayemsaidia mgeni aliyefika Arusha au Masindi kuulizia kaburi la bibi yake.

1. Anzia kabatini

Kabla ya kufungua kompyuta, kusanya kilichopo nyumbani: pasipoti za zamani, kitambulisho cha jeshi, cheti cha ndoa, bahasha zenye mhuri wa posta, kitabu cha sala chenye majina yaliyoandikwa kwa mkono ukurasa wa kwanza. Geuza kila picha. Nyuma yake au chini yake huwa kuna jina la studio na mji, na mji huo mara nyingi ndio uliokuwa na soko walilokwenda watu wa kijiji chao.

Wazee usiwaulize tu "tunatoka wapi?" Swali hilo huleta jibu la nchi nzima. Uliza walisali kanisa gani, gulio lilikuwa wapi, mto uliitwaje, babu alipigana jeshi la nani. Na uulize dini bila kuona haya, kwa sababu dini ndiyo inayoamua kitabu. Wakatoliki wa Kiroma, Wakatoliki wa Kigiriki, Waorthodoksi, Walutheri na Wayahudi waliandikwa katika vitabu tofauti hata walipoishi mtaa mmoja.

Majina yaandike kwa kila sura uliyoiona. Szymański aliyepita mikononi mwa karani Mjerumani anaweza kuwa Schimanski. Aliyepita kwa karani wa Kirusi aliandikwa kwa herufi za Kirusi, kisha akarudishwa kwenye herufi za Kilatini kwa kukisia. Wanawake wana sura zao pia. Mke na binti wa Kowalski ni Kowalska. Mke wa Nowak zamani aliandikwa Nowakowa na binti yake ambaye hajaolewa Nowakówna. Hao ni watu wa ukoo mmoja.

2. Tafuta kijiji, kisha tafuta aliyekitawala

Rejista za Poland zilipangwa kwa parokia, si kwa ukoo. Bila jina la kijiji hutafika mbali. Na jina peke yake halitoshi: vijiji vinavyoitwa Nowa Wieś au Dąbrowa vimetapakaa nchi nzima. Unahitaji pia wilaya na parokia. Kamusi ya jiografia iitwayo *Słownik geograficzny Królestwa Polskiego*, iliyochapishwa kati ya 1880 na 1902, inaeleza hata vitongoji vidogo na aghalabu kutaja parokia yake, na kurasa zake zinasomeka bure kwenye intaneti.

Ukishapata kijiji, jiulize kilikuwa chini ya nani. Poland iligawanywa na majirani zake mwaka 1772, 1793 na 1795, ikarudi kuwa dola mwaka 1918. Katika miaka hiyo zaidi ya 120, lugha ya rejista ilifuata bendera:

- Upande wa Urusi (Warszawa, Lublin, Łódź): rejista za kiserikali zilianza 1808, zikaandikwa kwa Kipolandi, na kuanzia 1868 kwa Kirusi. Tarehe huja mbili mbili, ya kalenda ya Kirusi na ya kwetu, zikipishana siku 12 katika karne ya 19 na siku 13 kuanzia 1900. Usizichukulie kuwa ni kuzaliwa na kubatizwa.
- Upande wa Austria (Galicia: Kraków, Lwów): tangu 1784 vitabu vilijazwa kwa jedwali, kwa kawaida kwa Kilatini. Ni rahisi kusoma, ila maelezo ni machache.
- Upande wa Prussia (Poznań na jirani zake): vitabu vya makanisa vipo, na kuanzia 1 Oktoba 1874 masjala ya serikali iliandika kila kizazi, ndoa na kifo kwa Kijerumani.

3. Jua ofisi ipi inatunza mwaka upi

Sheria ya Poland ni rahisi kukariri. Hati za kuzaliwa hukaa masjala ya manispaa, inayoitwa Urząd Stanu Cywilnego, kwa miaka 100. Za ndoa na vifo kwa miaka 80. Baada ya hapo vitabu huhamia hifadhi za nyaraka za taifa na kuwa wazi kwa kila mtu. Kwa hiyo bibi aliyezaliwa 1930 utamwomba masjala; mama yake aliyezaliwa 1899 utamtafuta hifadhini.

Masjala haimpi kila mtu. Mtoto, mjukuu, mzazi, ndugu wa kuzaliwa au mwenzi wa ndoa ana haki ya kuomba, akionyesha uhusiano wake. Omba nakala kamili, *odpis zupełny*, ambayo ada yake ni złoty 33, badala ya ile fupi ya złoty 22. Fupi inataja jina, tarehe, mahali na wazazi. Kamili hubeba pia maelezo ya pembeni yaliyoongezwa baadaye: ndoa, talaka, kubadili jina. Ukiwa Afrika Mashariki, unaweza kupitia ubalozi wa Poland ulioko Nairobi au Dar es Salaam.

Kwa vitabu vilivyo wazi, fungua kwanza tovuti ya hifadhi za taifa, Szukaj w Archiwach, ambako picha za kurasa hutazamwa bila malipo. Geneteka ni faharasa ya majina iliyojazwa na watu wa kujitolea. Unaandika jina la ukoo na mkoa, nayo inakupa mwaka, parokia na namba ya hati. Kwa Poznań kuna Poznań Project, iliyoorodhesha ndoa za karne ya 19, na faharasa iitwayo BaSIA. FamilySearch ina filamu nyingi za parokia, ingawa baadhi ya picha hufunguka tu ukiwa kwenye vituo vyake. Kwa Wayahudi anza na JRI-Poland.

Kutokuwemo kwenye faharasa si ushahidi kwamba hati haipo. Huenda kitabu hakijaingizwa, au aliyeingiza alisoma jina vibaya. Ukijua parokia na mwaka, pitia picha ukurasa kwa ukurasa.

4. Soma hati yote, mpaka saini

Chukua hati ya kuzaliwa ya upande wa Urusi, miaka ya 1840. Haina jedwali, ni aya moja ndefu, na hata miaka imeandikwa kwa maneno. Inaanza kwa kusema jambo hili lilifanyika katika kijiji fulani, siku fulani, saa fulani. Amefika mwenyewe Jan, mkulima, umri miaka thelathini, mkazi wa kitongoji fulani, pamoja na mashahidi wawili ambao umri na kazi zao zimetajwa. Ametuonyesha mtoto wa kike aliyezaliwa jana kwa mkewe Marianna, ambaye kabla ya ndoa alikuwa wa ukoo fulani, umri miaka ishirini na mitano. Mtoto amebatizwa Katarzyna. Wasimamizi wake wa ubatizo ni fulani na fulani. Hati imesomwa mbele yao, nasi tumetia saini peke yetu kwa kuwa wao hawajui kuandika.

Hesabu ulichopata: mama na ukoo wake, makadirio ya miaka ya kuzaliwa ya wazazi wote wawili, kitongoji ambacho pengine si kile ulichokuwa ukikitafuta, na majina ya watu wanne. Hao mashahidi na wasimamizi usiwaruke. Mara nyingi ni shemeji, mjomba au jirani wa damu, na wanapojitokeza tena kwenye hati ya pili na ya tatu unajua uko kwenye ukoo ule ule. Umri uchukue kwa tahadhari. Makarani walipenda miaka mizima kama thelathini na arobaini.

5. Kitabu kimeungua: tafuta ndugu zake

Hapa ndipo wengi hukata tamaa, na ndipo penye milango mingi zaidi. Ipitie kwa mpangilio huu.

*Nakala ya pili.* Upande wa Urusi kila rejista iliandikwa mara mbili. Moja ilibaki parokiani, ya pili ikapelekwa mahakamani, na baadaye hifadhini. Upande wa Prussia masjala nazo ziliandika vitabu viwili, na Galicia nakala zilipelekwa kwa askofu. Hifadhi ikikujibu kwamba haina kitabu, imekueleza habari za nakala moja tu. Muulize paroko, muulize mtunza nyaraka wa jimbo la Kanisa. Moto uliounguza mahakama mjini haukufika lazima kwenye kabati la kanisa kijijini, na mizinga iliyobomoa kanisa huenda iliiacha mahakama salama.

*Viambatisho vya ndoa.* Bwana na bibi harusi walitakiwa kuleta karatasi: dondoo ya ubatizo, cheti cha kifo cha mwenzi wa awali, idhini ya wazazi. Karatasi hizo zilifungwa pamoja na kuhifadhiwa kwa jina la *alegata*. Mtu ambaye kitabu chake cha kuzaliwa kimeteketea Warszawa anaweza kuwa na dondoo ya kitabu hicho hicho imelala kwenye alegata za parokia aliyooa, umbali wa kilomita mia moja. Asiyekuwa na dondoo aliapiwa na mashahidi, na kiapo hicho, *akt znania*, nacho hutaja wazazi na mahali pa kuzaliwa.

*Ndugu wa tumbo moja.* Hati ya babu ikikosekana, tafuta ya dada yake. Wazazi ni wale wale, na bibi mzaa baba atatajwa vile vile kwenye hati ya ndoa ya shangazi.

*Vitabu visivyo vya kanisa.* Daftari za wakazi ziliandika familia nyumba kwa nyumba, pamoja na tarehe za kuzaliwa. Vitabu vya rehani na ardhi, mikataba ya wanasheria, orodha za wanafunzi na za vijana waliofikia umri wa jeshi, vyote hutaja baba na kijiji.

*Hati zilizoundwa upya.* Baada ya vita watu walihitaji vyeti ili waoe, warithi au walipwe pensheni. Waliosajiliwa katika vitabu vilivyopotea waliandikiwa hati mpya kwa ushahidi. Babu aliyezaliwa 1912 anaweza basi kuwa na hati ya kuzaliwa yenye tarehe ya miaka ya 1940 au 1950. Unapoandika masjala, omba waangalie pia hati zilizoundwa upya.

*Bandari.* Kama ukoo uliondoka kabla ya vita, rejea safari yao. Orodha za abiria wa Hamburg za 1850 hadi 1934 zimesalia kwa sehemu kubwa na zinataja mji wa asili. Za Bremen nyingi zimepotea; kwa hao tumia orodha za bandari walikoshukia, kwa mfano New York.

6. Kama kijiji sasa kiko nje ya Poland

Mwaka 1945 mpaka ulisogezwa magharibi. Lwów imekuwa Lviv ya Ukraine, Wilno imekuwa Vilnius ya Lithuania, Grodno iko Belarus. Wapolandi waliohamishwa kutoka huko walibeba baadhi ya vitabu vyao vya parokia. Vitabu hivyo huitwa vya ng'ambo ya mto Bug, *księgi zabużańskie*. Vya karibuni vinatunzwa na masjala ya jiji la Warszawa, vya zamani viko Archiwum Główne Akt Dawnych, ile ile iliyochomwa mwaka 1944. Vilivyobaki viko hifadhi za nchi husika: kwa Galicia ya mashariki bisha hodi hifadhi kuu ya historia iliyoko Lviv, kwa Wilno hifadhi ya historia ya Lithuania iliyoko Vilnius.

7. Waliopotea vitani wenyewe

Wakati mwingine kilichopotea si kitabu bali mtu. Hapo swali la kwanza ni: alichukuliwa na nani?

Kama ni Wasovieti, walioingia Poland ya mashariki tarehe 17 Septemba 1939, anza na Indeks Represjonowanych, orodha ya walioonewa na utawala huo, ambayo leo iko chini ya Instytut Pamięci Narodowej. Familia nzima zilisombwa kwa mabehewa kupelekwa Siberia, Arkhangelsk na Kazakhstan katika mikupuo minne, wa kwanza tarehe 10 Februari 1940. Maofisa na polisi waliouawa Katyn na kwingineko katika msimu wa kuchipua wa 1940 wana orodha zao. Moscow ilianza kuzikabidhi mwaka 1990.

Kama ni Wajerumani, nenda Arolsen Archives, Ujerumani. Ina nyaraka zinazowahusu watu wapatao milioni 17.5: wafungwa wa kambi, waliolazimishwa kazi mashambani na viwandani, wakimbizi wa baada ya vita. Nyingi zinaonekana bure kwenye intaneti, na ukiandika ombi wanakutafutia bila malipo. Orodha ya Straty.pl inakusanya majina ya waliopata madhara chini ya utawala wa Ujerumani.

Kwa Wayahudi ongeza hazina ya majina ya Yad Vashem, hasa kurasa za ushuhuda zilizojazwa na ndugu walionusurika. Jina la aliyejaza lina thamani sawa na la aliyekufa, kwa kuwa linakuonyesha tawi la ukoo lililosalia. Auschwitz, tahadhari. SS waliteketeza kumbukumbu nyingi kabla ya kukimbia Januari 1945. Vitabu vya vifo vilivyosalia vina majina karibu 69,000 ya wafungwa waliosajiliwa, ya kati ya 1941 na 1943. Waliotolewa kwenye treni na kupelekwa moja kwa moja vyumba vya gesi hawakusajiliwa kambini kabisa. Kwa hao, tafuta orodha za gheto na za treni za mji walikotoka.

Kwa askari waliopigana chini ya Uingereza, majalada yao yalitunzwa na Wizara ya Ulinzi ya Uingereza na yamekuwa yakihamishiwa National Archives, Kew. Taasisi ya Sikorski jijini London ina nyaraka za vikosi vyenyewe.

8. Waliopita Afrika Mashariki

Mkataba wa Julai 1941 kati ya serikali ya Poland iliyokuwa London na Moscow uliwafungulia waliosombwa. Jeshi la Jenerali Anders likaundwa, na mwaka 1942 askari na raia zaidi ya 110,000 wakavuka bahari ya Kaspi hadi Pahlevi, Irani. Wanawake, watoto na wazee wengi kati yao walipandishwa meli kuja Afrika. Tanganyika waliwekwa Tengeru, Ifunda, Kidugala, Kondoa na Morogoro. Uganda, Masindi na Koja. Tengeru, chini ya mlima Meru, ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote, ikiwa na watu wapatao 5,000, pamoja na shule, hospitali na mashamba.

Ndiyo maana Mpolandi mzaliwa wa karibu na Lwów anaweza kuwa na kaburi Arusha. Makaburi ya Tengeru yapatayo 150 yanatunzwa mpaka leo, na mengi yana jina na miaka. Nyabyeya, Masindi, kanisa walilolijenga bado linatumika. Piga picha ya jiwe zima, kisha ya maandishi kwa karibu, na umwombe mtunzaji akuonyeshe orodha aliyonayo. Jiwe moja linaweza kukupa mwaka wa kuzaliwa ambao parokia yake haina tena.

Kisha fuata walikoelekea. Mwaka 1947 makambi yalikuja chini ya shirika la kimataifa la wakimbizi, na wakimbizi wakatawanywa Uingereza, Kanada, Australia na kwingine. Orodha za abiria waliofika Uingereza kutoka Mombasa ziko National Archives, Kew. Hifadhi ya taifa ya Australia inakuruhusu kutafuta jina bure, na majalada ya wahamiaji wa miaka hiyo huwa na picha, tarehe ya kuzaliwa na kijiji. Kwa mambo ya kambi zenyewe, omba majalada ya serikali ya kikoloni katika hifadhi za nyaraka za taifa Dar es Salaam na Nairobi.

9. Andika barua inayojibika

Mtunza nyaraka hawezi kujibu barua inayosema "nataka kila kitu kuhusu ukoo wetu." Taja mtu mmoja, tukio moja, kijiji, parokia, dini, na miaka isiyozidi mitano. Andika Kipolandi chepesi. Programu ya kutafsiri inatosha kama sentensi ni fupi. Omba wakuambie gharama ya utafutaji kabla hawajaanza. Maliza kwa swali hili: kama kitabu hakipo, nakala yake ya pili ilitunzwa na nani? Swali hilo ndilo linalogeuza jibu la "hakipo" kuwa anwani ya ofisi inayofuata.

10. Tunza daftari la utafutaji

Mali bila daftari hupotea bila habari, na utafutaji nao ni mali. Kila unapofungua kitabu andika hifadhi, namba ya jalada, parokia, miaka, na ulichokuta, hata kama hukukuta kitu. Tenganisha mambo matatu: lililoandikwa na shahidi wakati lilipotokea, lililosemwa miaka mingi baadaye, na unalolikisia wewe. Cheti cha kifo ni shahidi mzuri wa kifo; habari za kuzaliwa zilizomo humo zilisemwa na mtu ambaye labda hakuwepo.

Utafika mahali ambapo kitabu, nakala yake, alegata na daftari la wakazi vyote havipo. Hapo usijaze nafasi kwa jina linalofanana ili mti wa ukoo upendeze. Andika kilichotafutwa, wapi, mwaka gani, na ofisi ilijibu nini. Faharasa kama Geneteka huongezwa majina kila mara, na vitabu vya kuzaliwa huvuka miaka 100 na kufunguliwa kila Januari. Atakayerithi daftari lako ataanzia ulipoishia, wala hatalazimika kuuliza upya kilichokwisha kujibiwa.